Kanisa la Mkunazini

Wageni wengi wanaofika Mkunazini, Unguja, huishia nje, kwenye shimo lenye sanamu za watumwa watano waliofungwa minyororo shingoni. Mimi nikimpeleka mgeni humwingiza kwanza ndani ya Kanisa Kuu la Kristo, nikamwonyesha duara la marumaru nyeupe mbele ya altare, lililozungushiwa marumaru nyekundu. Hapo, kwa masimulizi ya kanisa, ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa wakachapwa viboko.

Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa Juni 1873, Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alipotiliana saini mkataba na Waingereza, na Krismasi ya mwaka huo huo wamisionari wa UMCA, shirika la misheni la Kianglikana kutoka Uingereza, wakaweka jiwe la msingi la kanisa. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwaweka watumwa huru. Sheria ya kuufuta utumwa Unguja ilikuja 1897, kwa hiyo kwa miaka mingi watu walisali humo ilhali mitaa ya jirani ilikuwa na binadamu wanaomilikiwa na wenzao, na jambo hili nadhani halisemwi vya kutosha.

Ujenzi ulisimamiwa na Askofu Edward Steere. Paa alilipinda kama nusu pipa, kwa zege ya mawe ya matumbawe, na wako waliodhani litaanguka. Hadi leo lipo. Karibu na mlango wa magharibi zipo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu, na husimuliwa kwamba mafundi walizisimika hivyo askofu akiwa safarini. Saa ya mnarani ilitolewa na Sayyid Barghash mwenyewe.

Kwangu mimi, hata hivyo, Steere ni mtu wa lugha kabla ya kuwa mtu wa mawe. Mwaka 1870 alichapisha sarufi ya Kiunguja, yaani Kiswahili cha Unguja, pamoja na hadithi alizozikusanya kwa wenyeji, akaendelea kutafsiri Maandiko, kiasi kwamba Kiunguja kilipokubaliwa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kilikuwa na hazina ya maandishi ambayo yeye na wenyeji waliomfundisha walikuwa wameiweka zamani.

Alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare ile ile. Jumapili padre husimama hatua chache kutoka kaburini, akaongoza ibada kwa Kiswahili.