Siku moja maishani mwangu: kamba, tepu na pembetatu, Nakuru

Saa moja asubuhi. Leo tunachora nyumba ya mita 10 kwa 8 kwenye ploti yenye mteremko, upande wa Menengai. Tepu ikilazwa juu ya mteremko inadanganya: ardhi ikipanda mita 1, mita 10 za tepu ni mita 9.95 tu za usawa. Ndiyo maana tepu inanyooshwa usawa wa maji, na timbamazi, yaani uzito uliofungwa kwenye uzi, inashushwa hadi kwenye kigingi.

Saa mbili, kutoa skwea. Kutoka kigingi cha kona tunapima mita 3 kwenye kamba moja na mita 4 kwenye nyingine, kisha tunasogeza kamba ya pili mpaka kati ya alama hizo ziwe mita 5 kamili. Kila kipimo kizidishe chenyewe: 9 na 16 ni 25; hapo kona ina nyuzi 90. Kuna mafundi wanaotumia sentimita 30, 40 na 50 ili wamalize haraka. Sikubali kabisa. Kosa la milimita 2 kwenye kile kipimo cha 50 linafika sentimita 8 mwisho wa ukuta wa mita 10. Kosa hilohilo kwenye mita 5 halifiki hata sentimita moja.

Saa tatu, kona kwa kona. Hapa sina haraka. 100 na 64 ni 164, kipeuo chake cha pili ni 12.81, kwa hiyo vipimo vyote viwili vya kona kwa kona lazima visome mita 12.81. Kuta nne zinaweza kuwa na urefu sahihi, mzingo ukawa mita 36 barabara, na bado nyumba imelala upande. Kona ikiwa nyuzi 89 jicho halioni kitu, ila vipimo vya kona kwa kona vinapishana karibu sentimita 22. Dawa yake: vigingi viwili vya ukuta wa mbali vinasogezwa pamoja, kuelekea upande unaofupisha kile kipimo kirefu. Ukiacha hivyo, vigae vya sakafu na mabati vyote vitakatwa mshazari.

Saa tano, ploti jirani, ya pembetatu.

"Fundi, si ni nusu ya kitako mara kimo?"

"Ndiyo mzee, lakini kimo kinapita ndani ya kibanda chako."

Basi tunapima pande tatu: mita 26, 28 na 30. Nusu ya mzingo ni 42. Toa kila upande: 16, 14, 12. Zidisha 42 × 16 × 14 × 12, tafuta kipeuo cha pili: mita mraba 336. Ua wake unataka nguzo kila mita 3. Mzingo wote, 84, kwa 3 ni 28, lakini kila kona inadai nguzo yake, hivyo hesabu inafanywa upande kwa upande: nafasi 9, 10 na 10. Nguzo 29.

Saa saba, chakula.

Saa nane, hesabu ya paa la nyumba ya asubuhi. Nusu ya upana ni mita 4, kimo mita 1.5: 16 na 2.25 ni 18.25, kipeuo 4.27. Ongeza upenu wa 0.6, inakuwa 4.87. Urefu, pamoja na upenu huku na huku, ni 11.2. Zidisha 4.87 kwa 11.2, kisha mara mbili kwa pande mbili za paa: karibu mita mraba 109. Anayenunua mabati kwa eneo la sakafu, 80, atarudi dukani. Na akigawanya, agawanye kwa upana ambao bati linafunika baada ya kupishana, si upana wake wote.