Msaidizi amerudi Malindi

Leo asubuhi Ami ameniuliza tena, mbele ya watu, hamri mkononi: "Mwaka wa tisa huu wewe msaidizi. Ukocha wenyewe utaupata lini?" Nikamwambia, Ami, huu ndio ukocha wenyewe. Hakunisadiki. Mbaazi zilikuwa zinapoa, tukayaacha hapo.

Hii ni wiki ya tatu niko nyumbani. Timu niliyokuwa nayo huko bara ilifungwa mechi tano mfululizo. Kocha mkuu akaitwa ofisini asubuhi, mimi nikaitwa saa sita. Kosa langu halikutajwa. Msaidizi huingia na bosi wake na hutoka naye, kama sanduku lake la nguo. Mshahara wa miezi miwili bado nawadai.

Nilianza bila kukusudia. Goti lilipogoma nikiwa na miaka 26, kocha wetu hapa uwanja wa Alaskan alinipa kipenga na koni chache, akasema nishughulike na wale wa akiba. Baadaye ndipo nikaanza kuzifuata karatasi. Ngazi za leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, ni D, C, B, A, kisha Pro. Mimi nimefika B, na kila kozi nimeilipia mwenyewe. Wanaodhani leseni ni urembo wawaulize Simba wa Dar es Salaam: mwaka 2021 kocha wao Didier Gomes alizuiwa kukaa benchi Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu ya leseni. Mechi za mtoano, na mwalimu hana ruhusa ya kusimama pale chini!

Lakini kuna kazi ambayo sikuipata kwenye kozi yoyote. Kocha mkuu hutaja majina kumi na moja, akaondoka. Wanaobaki ni wangu. Siku ya pili baada ya mechi, waliocheza hunyoosha misuli tu, ila ambao hawakugusa mpira hukimbia nami mpaka jasho liwaishe. Wakipumzika ndipo maneno hutoka. Huyu nyumbani wanamngoja atume pesa, yule hajalala kwa sababu ya mtoto. Kuna ya kumpelekea bosi na kuna ya kumeza, na hakuna kipimo.

Msimu uliopita kipa mmoja aliniambia bega linamuuma. Akaniomba nisiseme, maana mkataba wake ulikuwa unakwisha na akikaa nje hauongezwi. Nikameza. Dakika ya ishirini akaruka kufuata kona, akaanguka kwa bega lilelile, hakuinuka. Bosi aligeuka akanitazama. "Ulijua?" Nikasema ndiyo. Hakunifokea, wala hatukuzungumza tena habari ile. Mpaka leo nikiona kipa anapasha huku mkono mmoja ameubana, tumbo hunikata.

Ami anapenda kunipigia mfano wa Francis Kimanzi. Alikuwa msaidizi wa Mfaransa Sébastien Migné pale Misri, Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2019, na mwezi wa nane mwaka huohuo Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, ikawa yake. Ni kweli, na alistahili. Mimi nikamtajia Peter Taylor, msaidizi aliyekaa kando ya kocha Brian Clough wakachukua Kombe la Ulaya mara mbili na Nottingham Forest ya Uingereza, 1979 na 1980. "Taylor nani?" Basi Ami akacheka mpaka kofia ikamvuka.

Kuna timu ya daraja la chini imeniandikia. Wanataka kocha mkuu, nyumba wanatoa. Bosi wangu wa zamani naye amepiga simu, anazungumza na klabu fulani, ananiambia nisifungue begi. Wote wawili sijawajibu.

Alasiri nilikwenda Alaskan kutazama tu. Kijana anayefundisha pale akanishika mkono, akaniomba nimpangie koni, nikampangia. Mechi ilipoanza, mtoto mmoja ambaye hakutajwa alikuwa amejikalia karibu na ndoo ya maji, anafungua kamba za viatu. Simu ikatikisika mfukoni. Nikaiacha, nikakaa mchangani kando yake, nikamwambia kamba azifunge, bado mapema.