Siku moja wodini Tabora: pumzi zihesabiwe dakika nzima

Saa 1:30 asubuhi. Tunakabidhiana zamu kitanda kwa kitanda. Kwenye chati naanza na safu ya upumuaji. Wodi nzima ikiwa imeandikwa pumzi 20 kwa dakika, hakuna aliyehesabiwa, na vipimo vinarudiwa.

Saa 2:00. Tunatumia NEWS2, mfumo wa alama za kumtambua mgonjwa anayezidiwa, uliotoka Uingereza mwaka 2017; alama zikiwa nyingi, hali ni mbaya zaidi. Hupima upumuaji, oksijeni, presha, mapigo, joto na fahamu. Aliye kwenye oksijeni huongezewa 2. Wajawazito na walio chini ya miaka 16 haiwahusu. Pumzi nahesabu sekunde 60 huku nimeshika mkono wa mgonjwa kana kwamba bado napima mapigo. Akijua anahesabiwa, hubadili anavyopumua.

Asubuhi za Julai hapa ni za baridi, na kidole cha baridi hudanganya oksimita, kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kwa mwanga. Hina nayo huzuia mwanga wake, basi tafuta kidole kisichopakwa, hata cha mguu. Mkanda wa presha ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hupanda, na presha inayoshuka hufichika.

Saa 4:00. Ndugu wanaleta uji. Wasikilizeni jamani. Mama akisema, "Sista, leo ananiita kwa jina la dada yake," huo ni mkanganyiko mpya: alama 3 peke yake, apimwe kila saa na daktari aelezwe.

Saa 5:00. Chukua mgonjwa wa nimonia: pumzi 26 (alama 3), oksijeni 93 (2), presha ya juu 104 (1), mapigo 118 (2), joto 38.6 (1), fahamu timamu (0). Jumla 9. Kuanzia 7 ni dharura. Andika pumzi 20 bila kuhesabu, jumla inakuwa 6, na dharura imepotea kwenye karatasi. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana pumzi mara nyingi hubadilika kabla presha haijaanguka.

Simu iwe fupi: "Daktari, kitanda cha 7, nimonia, alama 9, asubuhi zilikuwa 4. Pumzi 26. Naomba uje sasa."

Saa 8:00 mchana. Zamu ya jioni inapokea jumla ya kila mgonjwa na saa ya kipimo kijacho. Wenye 5 au 6 ni kila saa. Umeme ukikatika konsentreta, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, huzima, kwa hiyo mtungi uliojaa unasogezwa karibu, na spana yake inafungwa shingoni mwa mtungi.