Kifaru cha uongo: magurudumu yamekamilika, tareti imekaa

Chasi sasa imesimama kwa miguu yake. Kwa wanaoanza kufuatilia leo: siundi kielelezo cha Tiger, kifaru cha Mjerumani cha Vita vya Pili vya Dunia. Naunda Tiger ya uongo, ile ya filamu ya Kelly's Heroes ya mwaka 1970, iliyopigwa Yugoslavia. Kipimo ni 1 kwa 35. Chini ni T-34, kifaru cha Mrusi, juu ni mabati ya kuigiza. Ni kama matatu zetu tu: chasi ya lori la Isuzu, bodi imechomelewa hapa hapa Nairobi.

Na watengenezaji wa filamu hawakuwa na njia nyingine. Tiger I zilizotoka kiwandani hazikufika 1,400, na baada ya vita karibu zote ziliishia kuwa vyuma chakavu. Inayotembea leo ni ile namba 131 iliyotekwa Tunisia Aprili 1943, iko makumbusho ya Bovington, Uingereza. Ndiyo mnayoiona kwenye filamu ya Fury ya 2014. Wengine walitumia walichokikuta jeshini mwa wenyeji wao: Battle of the Bulge ya 1965 ilipigwa Hispania, basi vifaru vya Kimarekani vya M47 vikageuzwa Tiger II, ile iliyoifuata Tiger I, mchana kweupe. Wayugoslavia angalau walijitahidi, mabati yakakatwa kwa umbo. Mbinu hiyo hiyo ilirudi mwaka 1998 kwenye Saving Private Ryan, tena juu ya T-34.

Sasa magurudumu, maana hapo ndipo mchezo wote ulipo. Watu hutazama mzinga. Mimi huinamisha macho chini. T-34 ina magurudumu matano makubwa kila upande, yamepangwa peupe. Tiger ina ekseli nane kila upande na magurudumu yake yamepandana, moja likifunika nusu ya jingine. Askari wa Tiger waliyalaani, kwa sababu tope likiganda katikati yake mnyororo unakwama, na ukitaka kutoa gurudumu la ndani utafungua kwanza ya nje kadhaa. Kwangu ni afadhali: matano kila upande basi.

Nimeyakata kwenye soli za ndara kuukuu. Fundi mmoja wa Kamukunji alinikatia kipande cha bomba na kukinoa mdomo. Ukikiweka juu ya soli na kukigonga nyundo mara moja, duara linatoka safi. Gurudumu la kweli lina kipenyo cha milimita 830, kwa hiyo langu ni milimita 24 hivi. Ekseli ni vijiti vya mishikaki.

Tareti, kile kichwa cha mzinga kinachozunguka, ndiyo iliyoleta mjadala. Jirani yangu huunda bodi za matatu. Alipita jioni, akakishika kifaru, akakigeuza mara moja tu.

"Mbona kichwa kimesogea mbele hivi?"

"Ndivyo kilivyo kwenye filamu, mzee. Tiger yenyewe kinakaa katikati."

"Aah. Shimo la chasi lilikuwa hapo. Wangelihamishia wapi?"

Hajawahi kuiona filamu hiyo. Nimesoma maelezo marefu ya wakosoaji wa vifaru vya sinema ambayo hayasemi zaidi ya hayo. Tena wengi wao hukejeli, ilhali aliyeficha pua ya T-34 iliyolala nyuma ya bamba lililosimama wima alikuwa fundi kwelikweli.

Kilichobaki ni minyororo, na huko kuna kazi. Gurudumu la kuvuta la Tiger liko mbele na lina meno. La T-34 liko nyuma, halina meno ya nje: ndani yake mna vibiringisho vinavyosukuma pembe zilizo kwenye vipande vya mnyororo, na pembe hizo huja kipande kimoja ndiyo, kimoja hapana. Upana wa mnyororo kwa kipimo changu ni milimita 14 na ushei. Vipande nakata kwenye kadibodi ya boksi la viatu, pembe ni ncha za vijiti vya meno zilizozamishwa kwenye gundi ya mbao. Upande wa kushoto umefika nusu. Nimeuacha ukauke dirishani, na rangi ya kijivu sitaigusa mpaka wa kulia nao uzunguke bila kukwama.