Chane Mbili Juu, Mbili Chini

Jumamosi iliyopita mtoto wa dada yangu aliketi kwenye kigoda uani kwangu, khanga mabegani, akisubiri mkasi, kwa sababu Jumatatu alikuwa anaripoti kidato cha kwanza na fomu ya kujiunga inataka nywele fupi. Fungu la kwanza lilipomwangukia mapajani aliliokota, akalitazama, kisha akaniuliza, "Mama mdogo, kwani nywele zinazuia nini kuingia kichwani?" Nilimpa lile jibu la usafi na la kuwahi namba asubuhi, ambalo mimi mwenyewe halijawahi kuniridhisha, lakini mkono ulikuwa umekwisha kusita, kwa kuwa swali la namna hiyo niliwahi kuulizwa darasani mwaka 2018, mbele ya kompyuta saba.

Nilikuwa nafundisha kompyuta katika shule moja nje ya mji wa Lindi, na malalamiko yangu ya miaka ile yalikuwa haya: kila kompyuta ilizungukwa na wanafunzi watano au sita, kipanya kilikuwa mkononi mwa mvulana, na wasichana walisimama nyuma wakinakili daftarini yale ambayo wenzao walikuwa wakiyafanya. Nilikuwa nimekwisha kukemea na kupanga zamu, na zamu zenyewe zilikuwa zinavunjika pale tu nilipogeuka kuandika ubaoni.

Usiku mmoja, kwa bando la usiku ambalo ndilo pekee nililoweza kumudu, niliingia katika maktaba ya mtandaoni ya mazoezi ya somo la kompyuta, iitwayo EngageCSEdu, iliyoanzishwa na NCWIT, kituo cha Marekani kinachoshughulikia wanawake na teknolojia ya habari, kwa msaada wa Google. Walikuwa na sababu ya kuijenga, kwani kwao mwaka 1984 wanawake walikuwa takriban asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya kompyuta, kisha wakapungua hadi karibu asilimia 18, jambo lililonifariji kidogo, kama mgonjwa anavyofarijika kusikia kwamba hata jirani tajiri anaumwa. Mazoezi yaliyokuwamo yalikuwa ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, kwa hiyo mengi yaliwazidi kimo watoto wangu. Nilichokitaka zaidi ni yale maelezo yanayoambatana na kila zoezi, yanayomweleza mwalimu ni mbinu gani imetumika ili mwanafunzi aliyezoea kubaki pembeni asogee: kulihusisha somo na maisha yake, kuwafanyisha kazi wawili wawili kwa utaratibu, na kuepuka picha inayodai kwamba kompyuta ni ya mtu wa aina moja.

Ile ya wawili wawili niliichukua mara moja. Mmoja anashika kipanya, mwingine anaelekeza bila kugusa chochote, na baada ya dakika chache wanabadilishana. Nikawaita dereva na konda, nao wakaelewa bila maelezo zaidi. Kwa ile ya maisha yao nilihangaika, mpaka nikakutana na kifaa kingine cha mtandaoni, cha profesa Ron Eglash na wenzake, kinachofundisha jometri kwa misuko ya nywele. Kila pingili ya msuko ni nakala ya ile iliyotangulia, iliyosogezwa, ikazungushwa kidogo na kupunguzwa ukubwa. Kilibuniwa kwa kuwafikiria watoto Weusi wa Marekani, waone kwamba hisabati ilikuwa vichwani mwao tangu zamani. Nilifurahi mno. Nikaliunda zoezi hilo upya kwa Scratch, programu inayowafundisha watoto kuiamuru kompyuta kwa kupanga vipande vya amri, ambayo ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti, nikalibeba kwenye flashi hadi shuleni kama mtu aliyebeba zawadi.

Msuko wa kwanza ulipojichora kwenye skrini, pingili baada ya pingili, darasa lilinyamaza, na nikadhani ni mshangao. Kisha msichana mmoja aliyezoea kukaa karibu na dirisha, ambaye sauti yake nilikuwa naisikia wakati wa kuita mahudhurio tu, akasema polepole, "Mwalimu, huyu shule yake inamruhusu?" Kicheko kilipasuka. Wasichana wote, kama walioagizana, walipeleka mikono vichwani, na chini ya zile shungi nyeupe hapakuwa na cha kusuka, maana walikuwa wamenyolewa kwa agizo la shule hiyo hiyo iliyonipa kompyuta. Na mimi mwenyewe, niliyekuwa nimesukwa twende kilioni siku mbili kabla, nilikuwa nimezifunika kwa mtandio. Somo la nywele lilikuwa linafundishwa na aliyezificha kwa walionyang'anywa.

Sikuwa na la kusema, nami nikauliza kwa udhaifu tu, "Basi mnasuka nini?"

"Ukili," akajibu yule yule, safari hii bila kungoja wengine. Akaja mbele, akautazama msuko kwenye skrini kwa jicho la fundi anayekagua kazi ya mwenzake, akasema kwamba ukili haupungui hivyo. Chane inapita juu ya mbili na chini ya mbili, na mstari unaofuata unaanza hatua moja mbele, la sivyo mkeka haushiki. Dereva wake, mvulana mtoto wa mvuvi, alikuwa na kipanya zamu ile, akaanza kupanga vipande vya amri kama anavyoambiwa: rudia, sogea, rudia. Mara mbili alikosea, na mara mbili yule msichana alimwambia, "Umeruka chane." Mstari wa nne ulikuwa unaanza kutokeza wakati umeme ulipokatika.

Hakuna aliyeondoka. Yule msichana alichana karatasi za daftari, nusu mwenyewe na nusu akiwagawia wenzake, wakasuka juu ya meza hadi kengele, huku akihesabu kwa sauti.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku hiyo kipanya kilibadili mikono. Kilibadili kwa wiki kadhaa, kisha mitihani ikakaribia. Miaka mitatu iliyopita nilimkuta msichana yule stendi ya Lindi akiwa wakala wa kutuma pesa, mchangamfu, anahesabu noti kwa kasi ya kutisha. Nilipomkumbusha somo la ukili alicheka, akasema anachokikumbuka ni kwamba umeme ulikatika. Mvulana yule ndiye anayesoma kompyuta Dodoma. Huniandikia mara chache, na barua yake ya kwanza ilitaja ule mkeka. Sijui niiweke wapi habari hiyo: nililitafuta somo kwa ajili ya wasichana, likamfaa mtoto wa mvuvi, ambaye naye hakuna maktaba iliyokuwa imemfikiria.

Nilimaliza kukata. Mtoto alijipapasa kichwa, akajitazama kwenye kioo cha simu yangu, kisha akauliza kama huko aendako kuna kompyuta. Nikamwambia zipo, nikaingia ndani kuitafuta ile flashi, ambayo sina hakika kama bado inafunguka.