Kinyama cha Mjomba Kilichotupeleka Mumbai

Mjomba alishaondolewa kinyama jichoni mara mbili, na mara zote mbili kilirudi. Mara ya pili hakikumaliza miezi minne. Kilirudi kinene, chekundu, kimelivuta jicho la kulia hata akitazama upande wa sikio anaona vitu viwili viwili. Wanawe walioko Muscat wakachangishana wakasema Mumbai. Mimi ni muuguzi wa macho, basi kumsindikiza kukaniangukia.

Anayejiandaa ajue mapema: visa ya matibabu ya India inayoombwa mtandaoni ni ya siku 60 na inaruhusu kuingia mara tatu, na msindikizaji huomba ya kwake. Cheti cha homa ya manjano kiwe na siku 10 au zaidi kabla hujatua. Kwenye foleni pale uwanjani nilimwona kijana akitolewa pembeni kwa sababu alichanjwa siku nne nyuma.

Pwani watu wengi huuita ugonjwa huu mtoto wa jicho. Sivyo. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyo ndani kugeuka ukungu. Hiki, ambacho sisi wa kliniki tunakiita terijiamu, ni ule utando laini unaofunika weupe wa jicho. Hunenepa, hushika mishipa ya damu, kisha hutambaa juu ya kioo cha mbele kuelekea mboni, karibu kila mara kikitokea upande wa pua. Mwanga wa jua unaoingia kutoka pembeni hupita kwenye mviringo wa kioo cha jicho, ukakusanyika ukingoni upande wa pua kama unavyokusanyika chini ya lenzi. Mvuvi hupigwa mara mbili, na jua la juu na jua linaloakisiwa na maji. Ukimsikia mtu wa duka la dawa akisema ni uchafu tu, usimsikilize.

Kwenye sebule ya kusubiri tulikaa na mzee mmoja wa Muscat, Kiswahili chake cha Unguja kabisa, naye ana kinyama macho yote mawili. Alisema Waarabu hukiita dhafara, jina lililotoka kwenye neno la ukucha. Fundi wa vipimo aliposikia akacheka, akatuonyesha kucha ya kidole gumba: na wao Kihindi husema nakhuna, ukucha vilevile. Mjomba akajitazama kwenye kioo cha ukutani kwa muda mrefu. "Kweli mpwa wangu, ni ukucha. Umeota pasipo mahali pake."

Sasa bei, na hapa ndipo palipotuuma. Kwenye simu tuliambiwa rupia 35,000, kila kitu ndani. Kwenye kaunta "kila kitu" kikapungua. Kumwona daktari 1,200. Vipimo vya damu, sukari na VVU 2,400. Gundi ya kushikizia utando jichoni badala ya nyuzi 8,500. Dawa 1,350. Kupeleka nyama iliyokatwa maabara 2,200. Jumla 50,650, kwa hesabu ya shilingi za Tanzania kama 30 kwa rupia ni zaidi ya milioni moja na nusu. Nauli yetu wawili ilizidi hiyo maradufu, na chumba cha wageni jirani na hospitali, chenye feni inayolia usiku kucha, kilikuwa rupia 2,200 kwa siku. Kabla hujalipa chochote, omba orodha kwa maandishi na uulize vitu vitano kwa majina yake: gundi, vipimo, maabara, dawa, na marudio ya siku ya kwanza na ya saba.

Upasuaji ulionyeshwa kwenye skrini nje ya chumba, nikautazama mwanzo mpaka mwisho. Ganzi ni lidokaini yenye adrenalini, ikadungwa chini ya kinyama kikavimba na kuachana na weupe. Kichwa chake kikabanduliwa juu ya kioo, kovu la zamani likasafishwa mpaka msuli wa upande wa pua ukawa huru. Kwa kuwa kilikuwa kimeshajirudia, kipande cha sponji chenye mitomaisini ya asilimia 0.02, dawa ya kuzuia kinyama kisiote tena, kikawekwa kwa dakika mbili, kisha jicho likaoshwa kwa maji mengi. Dawa hiyo inataka mkono wenye adabu. Ikizidi muda au ikabaki, weupe wa jicho huweza kuliwa miezi au miaka baadaye.

Halafu ndiyo kazi yenyewe. Mara mbili za mwanzo mjomba alikatwa, pakaachwa wazi, na penye uwazi kinyama hurudi mara nyingi mno. Safari hii daktari alipima uwazi kwa kalipa, kifaa kidogo cha kupimia, akaenda chini ya kope la juu, akachuna utando mwembamba uliozidi kipimo kile kwa milimita moja, bila nyama ya chini yake. Nyama ile ikiburutwa, kiraka hunywea na kuvimba. Ule upande uliokuwa ukingoni mwa kioo ukalazwa ukingoni tena. Tone la gundi, sekunde chache, kimeshika. Kwa nyuzi ingechukua muda mrefu zaidi, na mgonjwa angehisi mchanga jichoni kwa wiki mbili. Nilimuuliza kwa nini hakutumia damu ya mgonjwa mwenyewe, ambayo hugandisha kiraka bila gharama. Akasema kwa kiraka kikubwa chenye kovu chini yake haiamini. Jibu la haki.

Kilichonipandisha presha ni mwisho. Muuguzi aliikunja ile nyama kwenye shashi, akaelekea kwenye ndoo. Nililigonga dirisha. Kwetu Afrika Mashariki saratani ya utando wa jicho hujificha kwa sura ya kinyama, na jua pamoja na VVU huichochea. Kinyama kilichorudi mara mbili hakitupwi, na tulikuwa tumeshalipia maabara! Kilinyooshwa juu ya kikaratasi ili kisijikunje, kikatiwa kwenye formalini ya asilimia 10, maji ya kuhifadhia nyama isioze. Majibu yalitoka siku ya sita: terijiamu, hakuna saratani.

Siku zilizobaki zilikwenda kwa bajaji, chai na matone. Kurudi kwa ndege hakuna shida, ila hewa ya ndani hukausha, basi machozi ya bandia kila saa. Nyumbani Pangani aliendelea na matone ya predinisoloni, ya kutuliza uvimbe, mara sita kwa siku, ikapunguzwa taratibu mpaka wiki ya nane. Wiki ya tatu nilimpima presha ya jicho, kwa sababu dawa hiyo huipandisha kimyakimya.

Kinachonikera ni kwamba kupandikiza utando si siri ya Mumbai. Madaktari wa macho wa kwetu wanaufahamu upasuaji huo. Tangu turudi, kila mvuvi anayekuja kliniki ameandikiwa upasuaji namuuliza kwanza: wamekwambia wataweka kiraka, au wataacha wazi? Na mjomba sasa hashuki ngalawani bila kofia pana na ile miwani inayofunika mpaka pembeni, aliyoinunua Mumbai kwa rupia 450.