Zuhura Alikosea Mlango

Ujumbe wa kwanza uliingia dakika kumi na mbili baada ya kutuma sura ya 27. "Mwandishi, samahani. Huyu Zuhura ni nani?"

Niliusoma nimesimama, kompyuta imeshazimwa, nikidhani kazi ya wiki imekwisha. Sikuhitaji kuifungua sura kuhakikisha. Nilijua palepale. Zuhura alikuwa mhusika wa riwaya nyingine.

Kwa miezi saba nilikuwa nikiandika riwaya ya mfululizo, sura moja kila Ijumaa usiku, ikienda moja kwa moja kwenye simu za wasomaji wapatao mia nne. Ndani yake mlikuwa na nahodha mzee ambaye binti yake pekee, Mwanaidi, alikufa maji katika sura ya 9. Kifo hicho ndicho kilichokuwa kikiisukuma hadithi nzima. Sasa, katika sura ya 27, mlango unagongwa, nahodha anafungua, anasema, "Karibu, Zuhura mwanangu," na mwanamke mzima anaingia na kuketi kwenye kiti ambacho kwa sura kumi na nane hakuna mtu aliyethubutu kukigusa. Anauliza habari za mguu wa baba yake. Anaaga. Anatoka.

Kila nikikumbuka aya ile moyo hunishuka. Haikuwa mbaya kama maandishi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimekaa saa nne na mswada wangu mwingine, ambao nao una baba mzee na una binti, na binti huyo ndiye Zuhura. Mchana nikaurudia mfululizo. Kichwa kilihamia chumba cha pili, vidole vikabaki cha kwanza.

Mswada huo mwingine ndio uliokuwa ukininyima usingizi. Nilikuwa nimeamua kuuchapa mwenyewe, bila mchapishaji, kwa fedha za wasomaji watakaoagiza nakala zao kabla. Nilijiwekea siku 30 na shabaha ya nakala 300. Shabaha hiyo sikuiokota tu. Mashine kubwa za uchapaji hula fedha nyingi kabla ya kutoa hata kitabu kimoja: kuna kutengeneza sahani za kuchapia, kuna kuzipanga mashineni, kuna karatasi zinazoharibika mpaka wino ukae sawa. Gharama hiyo ni ileile ukichapa vitabu 50 au 500. Kinachobadilika ni watu wangapi wanaigawana. Kwa hesabu yangu, chini ya 300 kila msomaji angebeba mzigo mkubwa mno, kwa hiyo niliahidi kwamba tusipofika, kila mtu atarudishiwa fedha yake yote.

Ijumaa ile ilikuwa siku ya 19. Tulikuwa na nakala 141.

Ujumbe uliendelea kuingia. Wengine walikuwa wamepotea tu na wakauliza kwa upole. Wengine walikuwa wamefurahi, na hao ndio walionitia katika jaribu. Msomaji mmoja aliandika kwamba sasa ameelewa: nahodha alikuwa na binti wa pili, aliyefichwa, na ndiyo maana katika sura ya 14 alikataa kuionyesha ile barua. Mwingine akasema hapana, mzee ameanza kupotewa na akili, anawaita wageni kwa majina yasiyokuwapo. Nadharia hii ya pili ilikuwa nzuri kwelikweli. Ingeweza kubeba hadithi. Nilichohitaji ni kunyamaza hadi Ijumaa nyingine, niandike kana kwamba nilikusudia tangu mwanzo, na hakuna ambaye angejua kamwe.

Nilikaa na wazo hilo mpaka usiku wa manane. Nililipenda. Nilianza hata kuandika mistari ya kwanza.

Kilichonizuia mwanzoni hakikuwa uadilifu, kilikuwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sura ya mtu. Samuel Johnson, yule Mwingereza wa kamusi, mwaka 1756 alitangaza kwamba ataihariri upya michezo yote ya Shakespeare, akakusanya fedha kwa watu waliotanguliza malipo, na akaahidi kumaliza kabla ya mwisho wa mwaka 1757. Kazi ilitoka mwaka 1765. Katikati ya miaka hiyo mshairi mmoja alimwaibisha hadharani kwa kula fedha za watu bila kuwapa kitabu. Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza nilimlaumu Johnson kwa uvivu. Usiku ule niliiona tofauti. Mtu huyu kati ya 1758 na 1760 alikuwa akitoa insha kila wiki, na mwaka 1759, mama yake alipofariki, inasimuliwa kwamba aliandika kitabu kizima cha hadithi kwa jioni za wiki moja ili alipie mazishi na madeni. Hakukaa bure hata kidogo. Alikuwa akiandika kila kitu isipokuwa kile ambacho watu walikuwa wamekilipia.

Nikaangalia meza yangu.

Asubuhi nilimpigia dada yangu. Yeye ndiye msomaji wangu wa kwanza tangu nilipokuwa naandika kwenye madaftari ya shule, na hanipambi. Nilimweleza yote, pamoja na ule ujanja wa binti wa pili. Hakusema lolote kuhusu ujanja. Aliniuliza, "Mdogo wangu, una kazi ngapi mezani?"

"Mbili, dada. Mfululizo, na kitabu cha kuchapa."

"Hesabu vizuri."

Nikahesabu vizuri. Kulikuwa na tafsiri niliyoichukua kwa ajili ya kulipa kodi ya nyumba, kurasa 90 zimebaki. Na kulikuwa na kazi ya nne, riwaya ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, niliyokuwa nikiiandika kwa kujiiba, alfajiri, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa bado haijadaiwa na mtu.

"Nne," nikasema.

"Na wanaokusoma wanajua ngapi?"

Nilijitetea. Nilimwambia kwamba Charles Dickens, katika mwaka 1837, alikuwa akiandika riwaya mbili za mfululizo kwa wakati mmoja, zote zikitoka kila mwezi, akiwa na umri wa miaka 25 tu. Hoja hii nilikuwa nimeitumia mara nyingi kujipa moyo, hasa saa nane za usiku.

Dada yangu ni mwalimu na amesoma. "Na Mei mwaka huohuo?" akauliza. "Shemeji yake alipofariki ghafla, yule binti aliyekuwa akiishi nao? Sehemu za Juni hazikutoka. Riwaya zote mbili zilisimama, na wasomaji wakatangaziwa sababu."

Nilikuwa nimelijua hilo. Nilikuwa nimelisoma mahali palepale niliposoma ile habari ya riwaya mbili, ila nilichukua nusu niliyoitaka. Nadhani waandishi wengi tunaojitegemea tunafanya hivyo: tunabeba habari za waliowahi kumudu, tunaacha za siku waliposhindwa kumudu. Hakuna bosi wa kutuambia tupumzike, na hakuna mhariri wa kusema sura hii ingoje. Kuna tarehe tu, na tarehe tunajiwekea wenyewe, tukiwa na nguvu, siku ambayo hatujachoka.

Jumamosi mchana niliandika barua. Niliifuta mara tatu kwa sababu kila toleo lilianza kuomba huruma. Ya nne ilikuwa fupi:

"Zuhura mliyemwona jana si binti wa nahodha. Ni mhusika wa kitabu ninachotaka kukichapa, na aliingia kwenye sura yenu kwa kosa langu, kwa sababu ninaandika vitu vinne kwa wakati mmoja. Hivi ndivyo vilivyo na hapa ndipo kila kimoja kilipofika." Nikaorodhesha, pamoja na ile ya siri. Kisha: "Mfululizo nausimamisha kwa wiki nane. Tafsiri nitaimaliza kwa sababu ndiyo inayonilisha. Ya alfajiri inaingia kwenye droo. Kitabu cha kuchapa ndicho chenye fedha za watu 141, na hao nitawapa asubuhi zangu zote. Tukikosa 159 waliobaki, nitarudisha kila senti. Anayetaka yake sasa hivi, aniandikie leo, ataipata leo. Asiyeweza kununua sitamwomba anunue. Namwomba ampelekee sura ya kwanza mtu mmoja tu, mtu ambaye kweli atapenda kuisoma. Na wenye macho makali nawaomba waje wausome mswada kabla haujaenda kuchapwa, maana mmeona wenyewe kwamba macho yangu peke yangu hayatoshi."

Wawili walidai fedha zao na nikawarudishia kabla ya jua kuzama. Mmoja aliandika maneno makali kuhusu kusimamishiwa hadithi katikati ya safari, akaondoka. Alikuwa na haki yake, na nilimjibu hivyo.

Halafu, Jumapili, ukaja ujumbe ulioniliza.

Ulitoka kwa muuguzi mstaafu ambaye alikuwa hajawahi kuniandikia hata mara moja. Ulianza, "Mwanangu, nilikuwa nasitasita kukutumia hiki, nisije nikaonekana najifanya mjuaji." Kilichofuata kilikuwa jedwali. Tangu sura ya 1, mama huyu alikuwa akiandika kwenye daftari kila mhusika wangu: umri, alipotajwa mara ya kwanza, nani amemkosea nani, nani anajua nini. Kwa kuwa alikuwa muuguzi, alikuwa amefuatilia pia maumivu ya kila mtu. Safu nzima ilikuwa ya majeraha na tarehe za kupona. Alikuwa amenakili yote upya kwa mwandiko safi na kuipiga picha, kurasa 11.

Katika jedwali lile niligundua kwamba Zuhura alikuwa kosa la nne, si la kwanza. Nahodha alikuwa akichechemea mguu wa kulia hadi sura ya 16, kisha wa kushoto. Kisima kilichokauka katika sura ya 6 kilitekwa maji katika sura ya 20. Na mtoto mmoja, aliyekuwa na miaka minane wakati hadithi inaanza, alikuwa na miaka sita baada ya mwaka kupita. Mama huyu aliyaona yote. Pembeni ya kila moja aliweka alama ndogo ya kuuliza kwa penseli, akaendelea kusoma.

Nilimpigia simu. "Shikamoo mama. Kwa nini hukuniambia?"

"Marahaba, mwanangu. Hukutuuliza," akasema. "Kila ujumbe wako ulikuwa wa kutuambia sura imefika. Mimi nikadhani unajua unachofanya."

Miezi saba nilikuwa nimewaza kuhusu wasomaji kama idadi. Mia nne wanapokea, 141 wameagiza, 159 wamebaki. Na muda wote huo mtu mmoja alikuwa ameketi na daftari, akiwalinda watu wangu wa kubuni kuliko nilivyowalinda mimi.

Wasomaji 23 walijitolea kuusoma mswada. Nilipaswa kuogopa wingi wa maoni, na kwa kweli mengi yaligongana. Mmoja alitaka sura ya tano ifutwe, mwingine akasema ndiyo iliyomfanya aagize. Lakini pale watu wanne au watano walipojikwaa mahali pamoja, nilijua kuna jiwe. Jiwe kubwa kuliko yote lilikuwa maelezo ya bahari alfajiri, kurasa tatu, niliyokuwa nikiyaonea fahari tangu mwaka uliotangulia. Wote walikuwa wameyaruka.

Ilitokea kwamba kurasa hizo tatu zilikuwa na uzito mwingine. Kitabu kilipopangwa kilifika kurasa 323. Wapiga chapa wangu walikunja karatasi moja kubwa ikawa kurasa 16, na karatasi 20 ni kurasa 320 kamili. Zile tatu za ziada zingehitaji karatasi ya 21, yenye kurasa 13 tupu, katika kila nakala. Nilikuwa nimewaza kupunguza herufi ziwe ndogo zaidi. Badala yake niliiondoa bahari. Iliniuma siku mbili, kisha nikaacha kuikumbuka.

Siku ya 30 ilifungwa na nakala 309. Kati ya majina mapya, mengi sikuyafahamu; yalikuwa ya wale mtu mmojammoja waliopelekewa sura ya kwanza na mtu aliyewajua. Hakukuwa na wimbi kubwa. Yaliingia kumi na tano, ishirini kwa siku, na siku ya 24 halikuingia hata moja, na siku hiyo nilikwenda kulala mapema.

Vitabu vilipofika nilivifunga mwenyewe sakafuni, dada yangu akisoma majina na mimi nikiandika. Mfululizo ulikuwa umerudi wiki mbili kabla, na sura ya 27 mpya, ambamo mlango unagongwa na nahodha hafungui. Kabla ya kuituma niliipitisha kwenye jedwali, mstari kwa mstari. Jedwali hilo bado liko ukutani, mbele ya macho yangu ninapoandika haya, na muuguzi wangu bado huniletea mistari mipya.

Tulipolifikia jina lake katika orodha, dada yangu alinyamaza akanipa kalamu nyingine, ile nzuri. Mama huyo alikuwa ameniuliza swali moja tu alipoagiza, kama yule msichana aliyepotea njia alifika salama kwao. Kwenye ukurasa wa mbele wa nakala yake niliandika: "Shikamoo mama. Zuhura yuko ukurasa wa 41. Mguu wa baba yake ni wa kushoto, nimehakikisha."